Udongo Mweusi Chini ya Zege la Maduhu

Alhamisi. Jua limewaka tangu saa moja asubuhi na upepo wa vumbi haujapumzika. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kelele za mashine ya kukatia zege, na kila ilipolia nilihisi inanikata mimi. Hali yangu leo ni wivu. Naliandika neno hili mapema, nisije nikapata nafasi ya kulikwepa.

Wanaonisoma hapa wamezoea masomo. Binti yangu aliyeko Dodoma alinifungulia blogu hii ili niandike mambo ya udongo na pamba, kwa kuwa nilikuwa bwana shamba kwa miaka mingi, nikaanzia Sola, nikapelekwa Bukundi, nikamalizia kazi hapa Bariadi. Leo hakuna somo. Au lipo, lakini anayefundishwa ni mimi.

Daktari ameniambia moyo wangu umepanuka. Alinieleza kwa upole, akanichorea na picha kwenye karatasi. Nilimwelewa upesi kuliko alivyotaka. Tangu siku hiyo nimepanga mambo yangu: kiwanja, vitabu, suti ya kuzikiwa. Jambo moja tu lilibaki bila kupangwa, nalo liko mbele ya dirisha langu, nalitazama kila ninapokunywa uji.

Ni njia ya gari ya Maduhu.

Maduhu ni jirani yangu na mwenzangu tangu darasa la kwanza. Nyumba yake inatazamana na yangu. Kutoka getini kwake mpaka barazani pamemwagwa zege, hatua kama thelathini hivi, na zege hilo limepasuka kila upande. Mahali pengine limenyanyuka, pengine limezama, magugu yameota katikati. Mwezi uliopita Maduhu alijikwaa kwenye ufa mmoja, akaanguka, akavunjika nyonga. Sasa anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na magurudumu hayapiti pale. Ndiyo maana binti yake Holo ameleta mafundi watengeneze.

Siku Maduhu alipotolewa hospitali, magari ya watoto wake yalijipanga nje mpaka mbele ya uzio wangu. Sikuhisi huruma kwanza. Nilihesabu magari. Yalikuwa matano, nikajiuliza mimi nikianguka yatakuja mangapi.

Mwenzangu amevunjika mfupa, na mimi namwonea wivu wa wageni.

Shuleni Maduhu alikuwa akinakili hesabu zangu. Ningependa kusema kwamba nalitaja hili bila kujisifu, lakini si kweli. Napenda kulitaja, hata katika umri huu. Yeye aliacha shule mapema, akauza ngozi za ng'ombe, kisha akanunua pamba, kisha akanunua lori. Mimi nilikwenda chuo, nikarudi na cheti na soksi ndefu. Kila tulipokutana mbele za watu aliniita Bwana Shamba kwa sauti ya heshima, akanipisha kiti. Heshima yake ilinichoma. Angenidharau, ningemchukia vizuri na kupumzika.

Kabla ya zege lile sote mtaani tulikuwa sawa. Mvua zikianza, udongo mweusi uling'ang'ania viatu mpaka ukatembea umebeba kilo mbili kwenye kila mguu. Gari la Maduhu lilikwama kama baiskeli yangu ilivyokwama. Naye alishuka, akakunja suruali, akasukuma. Nilikuwa nasimama hapa dirishani nikimtazama anavyosukuma, na ninyi wasomaji wangu mnaweza kukisia jinsi nilivyojisikia.

Kisha siku moja kokoto zikashushwa getini kwake. Njia ya kwanza ya zege mtaani kwetu. Mke wangu, Minza, alikuwa anapepeta mchele uani. Akaniambia, "Wenzetu watatembea juu, sisi tutaendelea kuogelea."

Alikuwa anatania. Sikucheka.

Inabidi nieleze kidogo kuhusu udongo wenyewe. Tunauita mbuga. Kiangazi unakauka na kuwa mgumu kiasi cha kuvunja mpini wa jembe, na mtu asiyeujua atakuapia kwamba ni mwamba. Mvua ikinyesha unavimba na kunyanyuka. Jua likirudi unasinyaa na kupasuka, nyufa za kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukitaka kujenga juu yake unauchimba kwanza na kuuondoa, unajaza ile changarawe nyekundu tunayoiita moramu, unaimwagilia maji na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Ndipo unamwaga zege. Hili nimewafundisha wakulima waliotaka kujenga maghala. Nimeliandika hata hapa hapa kwenye blogu.

Siku ya kumwaga zege ilikuwa katikati ya kiangazi. Mtaa mzima ulikuja, kama tunavyofanya mtu akiwa na kazi kubwa. Wanawake walileta maji kwa ndoo, wanaume walishika mabeleshi, Maduhu alichinja mbuzi. Kabla mchanganyiko wa kwanza haujamwagwa, akainua mkono watu wanyamaze.

"Hatumwagi kitu mpaka Bwana Shamba aseme," alitangaza. "Mwenye udongo ni yeye. Sisi wengine tunaukanyaga tu."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na fimbo mkononi.

Fundi alikuwa Shija, kijana wakati huo, mtu wa Nassa kule kando ya ziwa. Mafundi wa kule wamezoea mchanga, hawajui hila za mbuga. Hata hivyo yule kijana alishtuka. Alichoma mtaimbo kwenye ufa wa ardhi, akaona umezama, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, hizi nyufa hazinipendezi. Tusichimbe kwanza?"

Lilikuwa swali sahihi. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote.

Niligonga ardhi kwa fimbo mara tatu, nikajibu kwa sauti ili wote wasikie: "Ninyi wa ziwani mmezoea kuogopa maji, sasa mnaogopa hata nchi kavu? Hili ni jiwe. Mwaga zege!"

Watu wakaangua kicheko. Shija naye akacheka kidogo, kwa aibu, akaenda kumwaga zege.

Nataka iandikwe wazi. Sikukosea. Nilijua.

Misimu miwili ya mvua ikapita, na njia ikaanza kupasuka. Maduhu aliniita nikaangalie. Majirani wachache walikuwepo. Nilichuchumaa, nikaokota kipande kilichomeguka pembeni, nikakisugua kwa vidole na kusema, "Mchanganyiko ni mwepesi. Saruji ilikwenda wapi, mimi sijui."

Basi. Sikusema kwamba Shija aliiba saruji. Mimi ni msomi, najua namna ya kusema jambo bila kulisema. Kabla ya jua kuzama mtaa ulikuwa umelimalizia. Shija akawa mwizi wa saruji, na hakuna aliyekumbuka mzee mwenye fimbo. Hakupata tena nyumba ya kujenga hapa mjini. Amebaki anajengea makaburi. Mwenyewe huwa anatania kwamba amechagua wateja wasiolalamika.

Kila ufa mpya uliotokea pale niliuona kabla ya Maduhu. Nilikuwa na furaha fulani ndogo, ya siri, kama ya mtu anayekula peke yake. Halafu nilipofikiri imeisha, ikawa inarudi kila mvua zilipoanza.

Sasa, wiki iliyopita nilikwenda kumjulia hali Maduhu. Holo alikuwa anapanga kuita fundi kutoka Mwanza. Baba yake akamkatalia.

"Aitwe Shija," alisema.

"Baba! Yule yule aliyekuibia?"

"Kama aliiba, aliiba akiwa kijana. Nani kati yetu hakuwa mjinga? Aje amalizie kazi yake, jina lake lisafike kabla sijafa."

Nilirudi nyumbani nimekasirika hata nikashindwa kula. Ana mali, ana watoto, na sasa ana hata moyo wa kusamehe. Na anasamehe kosa langu! Kosa nimetenda mimi, sifa za huruma anapata yeye. Minza aliniuliza nina nini, nikamwambia ni dawa.

Leo asubuhi, kama saa tatu, Shija alivuka barabara akaja kwangu. Ana mvi sasa, na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwangaluka, baba," alinisalimia. Nilimwonyesha kiti, akakataa kwa sababu ya vumbi la saruji kwenye suruali yake, akakaa kwenye ngazi.

Alinieleza kazi ilipofikia. Nyufa amezipanua kwa mashine, amezisafisha kwa brashi na maji. Mchana huu alitaka kuzipaka uji wa saruji na kuzijaza, na kesho amwage tabaka jipya juu ya lote na kulipiga niru ya saruji mpaka ling'ae. Kisha akavua miwani, akawa anaifuta.

"Lakini baba, kuna kitu kinanisumbua. Lile zege ni gumu. Limekula visu viwili vya mashine tangu jana. Zege lililoibiwa saruji haliwi hivyo, lingemomonyoka kama andazi la juzi."

Niligeuka nikatazama ile mashine ng'ambo ya barabara.

"Wakati ule nilisema, basi vibarua ndio walioiba. Aliyekuwa anabeba mifuko ni mdogo wangu. Nilimpiga, baba. Nilimpiga mbele ya mama yetu, nikamwita mwizi. Akaenda Geita kwenye migodi, na mama amekufa hatusemezani. Sasa naliangalia zege hili najiuliza, nilimpiga kwa lipi? Wewe ndiye uliyelikagua. Niambie tu ukweli, ule mchanganyiko ulikuwa mwepesi?"

Habari za mdogo wake nilikuwa sizijui. Naapa nilikuwa sizijui. Nilikuwa nimehesabu madhara yangu kuwa njia moja mbovu na fundi mmoja aliyekosa kazi, nikayaona yanavumilika.

Sentensi ya kujikinga ilinijia. Ilikuwa nzuri, yenye maneno ya kitaalamu kuhusu unyevu na halijoto, na Shija angeiamini. Ilifika mpaka kwenye meno. Sitajisingizia ujasiri; nadhani nilichoka tu. Mtu mwenye moyo kama wangu huchoka hata kwa kupanda ngazi tatu, sembuse uongo.

Nikamwambia yote. Udongo, fimbo, kicheko, kipande cha zege nilichokisugua. Nikamwambia zege lake lilikuwa zuri tangu mwanzo.

Ndani nikasikia Minza ameacha kuosha vyombo.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Siku ile ile, umeshika fimbo?"

"Siku ile ile."

Akavaa miwani yake. "Na mimi nimekuwa nakusalimia," alisema.

Nilitaka kuomba msamaha, akainua mkono kunizuia. "Mimi umeniambia, nimesikia. Lakini ile ya saruji uliisemea kwenye uwanja wa Maduhu, watu wakiwepo. Nenda ukaiseme pale pale. Mimi sikubebei maneno yako." Akaondoka bila kuaga, akatembea polepole kama mtu mwenye kizunguzungu.

Minza alitoka. Alikuwa amesikia. Tumeishi pamoja zaidi ya miaka hamsini na sijawahi kumwona ananitazama vile, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mkono mbaya. Alinishika kiwiko. "Simama," aliniambia. "Twende kabla hujapata usingizi."

Barabara ni nyembamba, lakini nilipumzika mara mbili. Kwenye njia ya Maduhu kila ufa ulikuwa umekatwa ukawa mfereji, na Minza alinivusha mmoja mmoja.

Maduhu alikuwa barazani kwenye kiti chake, Holo anamenya karanga kando yake, na majirani wawili waliokuja kutazama kazi. "Karibu, Bwana Shamba!" aliita. "Umekuja kukagua? Ona tunavyoichanja hii njia kama mgonjwa kwa mganga."

Nilitaka kuanza na ugonjwa wangu. Nilianza hivyo kweli, nikasema, "Maduhu, unajua daktari ameniambia..." Minza akanibana mkono. "Anza na udongo," alisema.

Nikaanza na udongo.

Nilipomaliza, Shija alikuwa amesimama na koleo lake karibu na ndoo, hanitazami. Maduhu alikuwa anaangalia zege, kisha akaangalia mguu wake.

"Na mbuzi wangu ulimla?" aliuliza hatimaye.

"Nilimla."

"Uliongeza, nakumbuka. Uliomba ini." Jirani mmoja alikohoa, sijui kama alikuwa anazuia kicheko. "Kwa nini, Bwana Shamba?"

"Nilikuonea wivu."

"Wa zege?"

"Wa zege. Na wa mengine."

"Na sasa?"

Ningeweza kusema yamekwisha. Ndivyo mzee anayekaribia kufa anavyotarajiwa kusema. "Na sasa bado," nilijibu.

Holo alisimama, karanga zikamwagika. "Baba, huyu mzee atoke hapa."

Maduhu alimgeukia Shija. "Fundi, acha kuziba. Bomoa yote." Kisha, bila kunitazama: "Tuchimbe mpaka wapi?"

"Mpaka mweusi uishe," nilisema. "Mkikuta wa kijivu wenye chembe nyeupe, hapo mmefika. Na mchimbe mtaro pembeni, maji ya mvua yasiingie chini."

"Umesikia, Shija?"

"Nimesikia."

"Haya, mzee, rudi nyumbani," Maduhu aliniambia. Ni mara ya kwanza maishani hajaniita Bwana Shamba. "Na usiniage."

Niliondoka bila kuaga. Njiani nilikuwa nawaza kwamba fundi alisamehewa wizi ambao hakuufanya, na mimi niliyefanya sijasamehewa. Naona ni sawa. Lakini niseme kweli, niliumia, kwa sababu mahali fulani ndani yangu nilikuwa nimeshatunga jinsi atakavyonikumbatia, na jinsi Minza atakavyofuta machozi. Hata toba yangu niliitaka iwe na watazamaji.

Sasa ni saa kumi alasiri. Mashine imenyamaza, zinasikika nyundo. Naandika hapa dirishani, kidole kimoja kimoja. Vipande vya zege vinarundikwa pembeni, na mahali palipokwisha kufunuliwa naona weusi ule ule, umekauka, umepasuka.

Shija yuko getini na simu sikioni. Alipiga mara mbili haikupokelewa, nikaona anavyoitazama. Mara ya tatu ikapokelewa. Amewapa watu mgongo na kuegemea nguzo ya geti. Hazungumzi, anasikiliza tu, kwa muda mrefu, na mara moja moja anaitikia kwa kichwa kana kwamba aliyeko Geita anamwona. Nadhani anatukanwa. Nadhani anafurahi kutukanwa.

Nimewaonea wivu wote wawili.

Minza hajazungumza nami tangu turudi, isipokuwa kuniuliza kama nimemeza dawa. Safari hii ilikuwa kuhusu dawa kweli.

Nimesikia Holo akiagiza moramu iletwe kesho asubuhi. Hakuna aliyeniita. Lakini kuna moramu safi, na kuna moramu iliyozolewa ovyo na udongo mweusi ukachanganyika ndani yake, na ukiimwaga hiyo utakuwa umerudi pale pale. Kwa macho zinafanana. Kutofautisha unailowesha na kuiminya kiganjani. Shija hajui, dereva wa lori hatajali, na Maduhu hataniuliza.

Nitakwenda hivyo hivyo. Geti likiwa limefungwa, nitakaa nje kwenye kigoda cha Minza. Lori likifika, kabla halijamwaga, nitaomba mtu aniletee konzi moja ya moramu.